Kiwanja cha mita 20 kwa 30 Kibaha: nipande nini kwanza, na nini kisubiri?

MwenyejiKibaha aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi wa pili mwaka jana nilihamia katika nyumba yangu hapa Kibaha, baada ya kuijenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Kiwanja kina mita 20 kwa 30, nyumba imechukua takriban mita za mraba 110, karo la maji taka liko nyuma upande wa mashariki, na sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya kichanga iliyochanganyika na mabaki ya zege, kokoto na vipande vya matofali. Miaka yote niliyokaa nyumba za kupanga nilikuwa nikisema kwamba siku nikipata kwangu, watoto wangu watachuma matunda kwa mikono yao na mimi sitanunua tena fungu la mchicha, na jambo hilo bado ninalitaka kwa moyo wote.

Mvua za masika ya mwaka jana zilipoanza, nilinunua miche 23 kwa siku moja: miembe minne, michungwa mitano, miparachichi mitatu, mipapai sita, mistafeli miwili na mikomamanga mitatu. Niliipanda yote Jumamosi na Jumapili, katika mashimo ya kina cha jembe tu, na kwa miezi miwili ilipendeza sana hata majirani wakaja kuitazama. Mvua zilipokatika, maji ya bomba yakaanza kutoka kwa mgawo, nami hurudi kazini jioni giza likiwa limeingia, hivyo miche ikaanza kunyauka mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwezi wa kumi ilikuwa imebaki mitano: mwembe mmoja, mkomamanga mmoja na mipapai mitatu, na kati ya hiyo mipapai, miwili imetoa maua marefu yanayoning'inia bila kuzaa hata tunda moja.

Sasa tuko mwezi wa nane na sitaki kurudia kosa lile. Ninaweza kutenga shilingi 40,000 kila mwezi na nusu siku ya kila Jumamosi. Jirani amenishauri niweke ukoka kiwanja kizima kwanza ili vumbi litulie, na fundi wa bustani aliyekuja kutazama anataka kunipangia kila kitu na kupanda kwa wiki moja. Ninaomba ushauri wa watu waliofanya kazi hii hatua kwa hatua: nianze na nini, kipi kisubiri msimu ujao, na nitajuaje kwamba nimefika wakati wa kuongeza?

BibiShamba_Moro alijibu:

Mwanangu, pole kwa miche. Nilifanya kazi ya ugani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona bustani nyingi zikifa kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo tafadhali usijione mzembe. Kabla ya kukujibu ulichouliza, naomba tufanye hesabu moja.

Mche mchanga wa matunda kwenye udongo wa kichanga huhitaji kiasi cha lita 10 mara mbili kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza. Miche 23 ni lita 460, yaani ndoo kubwa 23 kila wiki, kuanzia mvua zinapokatika hadi vuli inapoanza, na wewe unarudi nyumbani usiku huku bomba likiwa la mgawo. Hata kama mashimo yako yangekuwa mazuri, miche ile isingepona yote. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasihesabu miche kwa fedha walizonazo mwezi wa tatu, bali kwa ndoo watakazoweza kubeba mwezi wa tisa. Ukiona kwamba kwa wiki unaweza kutoa ndoo nne kwa ajili ya miti bila kujiumiza, basi panda miti minne, si mitano. Mwaka wa pili mizizi ya miti hiyo itakuwa imeshuka chini, mahitaji yake ya kumwagiliwa yatapungua, na zile ndoo utazihamishia kwa miche mipya. Huko ndiko kuongeza hatua kwa hatua, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la mwisho.

Sasa, kwa mwezi huu wa nane na wa tisa usinunue mche wowote. Chukua karatasi uchore kiwanja chako, uonyeshe nyumba, karo, chemba, bomba linakopita, waya za umeme na mlango wa jikoni. Kisha Jumamosi moja utazame kivuli kinaangukia wapi saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, na ukiandike kwenye mchoro huo. Kumbuka kwamba huku kwetu kivuli huhama: mwezi wa sita jua la mchana hupita upande wa kaskazini na nyumba hutia kivuli kusini, ilhali mwezi wa kumi na mbili jua hupita kusini na kivuli huhamia kaskazini. Nimewahi kumwona mama mmoja akilaumu mbegu za bamia kwa miaka miwili, kumbe tuta lake lilikuwa limebanwa na ukuta upande ambao jua halikufika katika miezi ile aliyokuwa akipanda. Tazama pia upepo, kwa maana kusi na kaskazi havipigi upande mmoja, na mpapai au mgomba uliowekwa kwenye mdomo wa upepo huanguka ukiwa na mzigo.

Pili, shughulikia udongo. Mahali mafundi walipokuwa wakichanganyia saruji, ondoa tabaka la juu lote, kwa sababu saruji na chokaa huufanya udongo uwe na magadi, na utaiona dalili yake pale majani machanga yanapogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kokoto na matofali usivitupe, kwa kuwa vitakufaa kwa njia za kupita na kingo za matuta. Halafu anzisha lundo la mboji kwenye kona yenye kivuli: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, tabaka jembamba la samadi, maji kidogo, kisha rudia mpaka lifike kimo cha kiuno. Ligeuze kila baada ya wiki tatu hivi. Lundo utakaloanza sasa litakuwa limeiva mwishoni mwa vuli, na kwa kiasi kikubwa litakupunguzia gharama ya samadi ya kununua. Ukitaka kujua udongo wako kwa undani zaidi, unaweza kupeleka sampuli kupimwa kwenye kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro, ingawa kwa bustani ya nyumbani mboji hujibu maswali mengi peke yake.

Vuli ikianza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, usiache ardhi tupu. Panda kunde kwenye eneo lote ambalo bado hujalipangia kazi. Kunde hufunika mchanga, hutuliza lile vumbi analolisema jirani yako, hukupa majani ya mboga, na mizizi yake huuongezea udongo naitrojeni. Ukimaliza kuvuna, kata mashina na uache mizizi ardhini. Ukoka una mahali pake, lakini kuufunika kiwanja kizima sasa ni kuajiri mnywaji mwingine wa maji yale yale, na mche mchanga uliozungukwa na ukoka hudumaa. Ukitaka ukoka, uwe wa sehemu ndogo mbele ya baraza, na kila mche uachiwe duara tupu la mita moja kutoka kwenye shina.

Miti mikubwa ingoje masika. Ila mashimo yachimbwe mapema, hata moja kwa mwezi, yenye sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine, changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni, uache utulie. Samadi mbichi ya kuku isiguse mizizi, kwa kuwa huunguza. Baada ya kupanda weka matandazo ya majani makavu, lakini yaache nafasi ya kiganja kimoja kutoka kwenye shina, maana mchwa wa ukanda wenu hupanda kupitia humo.

Kuhusu mipapai yako miwili, hiyo ni madume. Acha ule unaozaa, ikate hiyo mingine, na siku nyingine panda miche mitatu kwenye shimo moja, ukingoja maua ndipo uchague wa kubaki. Miparachichi nayo isikuumize moyo; ni miti inayopenda nyanda zenye ubaridi kama Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, na joto la Pwani huitesa.

MamaWawili_Kigamboni alijibu:

Shikamoo Bibi Shamba, na pole sana dada wa Kibaha.

Nakubaliana na hesabu ya ndoo, lakini katika jambo moja ninaomba kutofautiana kwa heshima. Mtu aliyepoteza miche 18 akiambiwa achore ramani na kuchimba mashimo hadi masika, anaweza kukata tamaa kabla ya kuona jani lolote. Mimi nilianza na tuta moja tu karibu na mlango wa jikoni, na ninaamini kwamba tuta lile ndilo lililonifanya niendelee hadi leo, mwaka wa saba. Nilikuwa nikiliona kila nilipomwaga maji ya kuoshea mchele, kwa hiyo sikulisahau. Bustani iliyo mbali na jikoni husahaulika hata na mtu mwenye nia njema.

Kwa mchanga wetu usiinue tuta kama wanavyofanya watu wa udongo wa mfinyanzi. Chimba chini. Pima upana wa mita moja, ili uweze kufika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga, na urefu wa mita nne. Ondoa udongo kwa kina cha sentimita 40 hivi, tandika chini maboksi ya karatasi yaliyoloweshwa na majani ya migomba, rudisha udongo ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza, na uache uso wa tuta uwe chini kidogo ya ardhi inayolizunguka. Maji yatakusanyika humo badala ya kukimbia. Tuta la namna hiyo hunitosheleza kwa ndoo moja kwa siku wakati wa kiangazi, nusu asubuhi na nusu jioni, likiwa limefunikwa kwa matandazo.

Gawa tuta katika sehemu nne. Robo ya kwanza mwagia mbegu za mchicha zilizochanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, na baada ya wiki mbili mwagia robo ya pili, kwa sababu mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, na ukiupanda wote siku moja utaula wote wiki moja na kisha urudi sokoni. Robo ya tatu weka matembele kwa vipande vya shina vyenye urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, ambavyo jirani yeyote atakupa bure, na kuanzia mwezi na nusu utakuwa ukichuma bila kupanda upya kwa muda mrefu. Robo ya nne weka bamia, nyanya chungu na pilipili chache. Nyanya za kawaida zisubiri mwaka wa pili. Najua kila mtu anazitamani, lakini zina magonjwa ya mnyauko na yule mdudu kanitangaze, na hazifai kuwa somo la kwanza kwa mtu ambaye ameshavunjika moyo mara moja.

Tuta la pili usilichimbe mpaka utakapokaa miezi mitatu mfululizo bila la kwanza kukauka au kuzidiwa na magugu.

MwenyejiKibaha aliandika:

Shikamoo Bibi Shamba, na asante sana Mama Wawili. Sikuwahi kuipiga hiyo hesabu ya ndoo, na nilipoipiga jana usiku nikiwa na daftari nilielewa kila kitu. Ndoo nne za miti kwa wiki na moja ya mboga kila siku ninaziweza, mradi maji yawepo. Hapo ndipo ninapouliza: je, inafaa nitumie fedha za miezi ya kwanza kuweka gata na tangi kabla ya kununua chochote cha kupanda? Na je, ule mwembe uliobaki, ambao uko kama mita tatu kutoka kwenye karo, niuache?

MkulimaMuheza alijibu:

Mwembe huo uhamishe au uung'oe sasa, dada yangu, hata kama unauma. Nasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa na wangu karibu na chemba, na nikauhurumia kwa kuwa ndio uliokuwa umeshika vizuri kuliko mingine yote. Mwaka wa nane mizizi iliingia kwenye bomba la maji machafu, sakafu ya bafu ikapasuka, na nikaukata ukiwa unazaa mifuko kwa mifuko. Watoto walilia. Mti mkubwa uwe walau mita nane kutoka kwenye karo na mita sita kutoka ukutani, na miti ya jamii ya mifikusi inayouzwa kwa ajili ya kivuli usiilete kabisa kwenye kiwanja cha ukubwa huo. Mwembe wa mwaka mmoja na nusu bado unaweza kuhamishwa mwanzoni mwa masika, ukichimbuliwa na bonge kubwa la udongo na kupunguzwa matawi, ingawa baadhi hufa. Kwa hiyo weka akiba ya mche mmoja wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine.

Utakapofika wakati wa kununua, tafadhali nunua miche ya kubebesha kutoka kwenye kitalu kinachoweza kukuonyesha mti mama. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa kokwa unaweza kukuweka mara mbili ya muda huo na usijue utakachokipata. Shika kiriba, yaani mfuko wa mche, utazame chini: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, mche huo umekaa kitaluni muda mrefu mno na hata ukiuhudumia vizuri hautasimama imara. Kwa michungwa, huku kwetu hubebeshwa juu ya shina la mlimao, na mahali pa kuungia lazima pabaki juu ya ardhi kwa kiganja kizima au zaidi. Machipukizi yote yanayotoka chini ya hapo yavunje mapema, kwa sababu hayo ni mlimao, nayo yakiachwa hulishinda chungwa. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi za watu wanaosema wameuziwa michungwa ya uongo, na nikakuta walipanda mche halisi kisha wakalea malimao kwa mikono yao.

Kuhusu gata na tangi, jibu langu ni ndiyo, anza na hivyo. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati lako la mita 110 likipata mvua moja ya milimita 20, ambayo si mvua ya ajabu wakati wa vuli, zitashuka lita 2,200, na hata ukitoa zile zinazorukia nje na zile za kuoshea bati, lita 1,800 zitaingia tangini. Kwa mahitaji uliyoyataja hizo ni karibu wiki nane za ndoo nne za miti kwa wiki pamoja na ndoo moja ya mboga kila siku. Kama fedha haitoshi, weka gata upande mmoja wa paa tu, na pipa la lita 200 kwa kuanzia.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi: mwaka huu tangi na tuta la Mama Wawili, masika ijayo mwembe upande wa magharibi ili ukukinge na jua la jioni, pamoja na mchungwa mmoja, mndimu mmoja na shimo moja la mipapai. Mstafeli ungoje mwaka wa pili.

BintiUnguja alijibu:

Dada, ndugu zangu wamekueleza vyema mambo ya chakula, nami naongeza neno dogo. Ukishapanga tuta na miti, jiwekee kitu kimoja cha harufu karibu na baraza. Huku Unguja nyumba isiyo na mwasumini au mrehani huonekana bado haijakaliwa. Mchaichai hutosha kipande kimoja kutoka kwa jirani, hushika mchanga pale maji ya bati yanapodondokea, na utauchemsha kwenye chai mwaka mzima. Mwasumini nao hustahimili kiangazi ukishashika, na vikonyo vyake hupandwa wakati wa mvua bila gharama yoyote. Vitu hivi vidogo humfanya mtu atoke nje jioni hata akiwa amechoka, na akitoka ndipo anapouona mche uliopata kiu.

MwenyejiKibaha aliandika:

Nimesoma majibu yote mara mbili na nimeyaandika daftarini. Fundi nimemwambia asije. Fedha za mwezi huu na unaofuata zitakwenda kwenye pipa na gata ya upande wa jikoni, Jumamosi hii nitachora kivuli, na Jumamosi inayofuata mimi na watoto tutachimba lile tuta la mita nne, kwa kuwa maboksi ninayo tele tangu nilipohama. Kunde nimeahidiwa na mama yangu kutoka Rufiji. Kwa mwembe nimechagua kona ya kusini-magharibi, na nimepima hatua kutoka kwenye karo: ni zaidi ya mita 12. Shimo lake nitalichimba mwezi wa kumi na mbili, mwezi ule ule ambao mwaka jana nilikuwa likizo nikiitazama miche iliyokauka.

Bibi Shamba, swali moja limebaki: hiyo mipapai madume nikiikata, mashina yake yanaweza kuingia kwenye lundo la mboji yakiwa mazima, au niyakatekate kwanza?

BibiShamba_Moro alijibu:

Yakatekate vipande vya urefu wa kiganja, mwanangu, uyaweke katikati ya lundo na si juu. Yana maji mengi, kwa hiyo siku hiyo usimwagilie lundo.